Shamba la babu wa babu yetu Pemba: nianzie wapi kumtafuta mwenyewe?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nimezaliwa Muscat, wazee wangu ni watu wa Pemba, upande wa Wete. Nyumbani tunaambiwa babu wa babu yetu alikuja kutoka Omani hana kitu, akafyeka pori, akapanda mikarafuu elfu moja, kisha Banyani akamdhulumu shamba. Tuna shajara ya ukoo yenye vizazi vinane, wote wanaume, na karatasi moja ya Kiarabu ya mwaka 1295 ambayo wazee wanasema ndiyo hati aliyonunulia shamba. Nakutumia picha yake. Sasa wamejitokeza watu wa familia mbili nyingine, kila mmoja anasema shamba lile lilikuwa la babu yake. Nitaujuaje ukweli wa mzee huyu na watu wake?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya jambo la maana kuituma ile picha, maana katika yote uliyonitajia, karatasi hiyo ndiyo pekee iliyoandikwa mzee mwenyewe akiwa hai. Nyingine zote ni maneno ya waliokuja baada yake. Basi tuanze nayo.

Nimeikuza nikaisoma mara tatu. Si hati ya kununua. Ni hati ya deni.

Mzee anasema hivi: amemuuzia mfanyabiashara wa Kihindi, mkaazi wa mjini Unguja, shamba lake lenye mikarafuu 450, kwa riale zilizotajwa hapo, naye ana khiari ya kulirudisha ndani ya miaka mitatu. Neno hilo la khiari ndilo la kulishika. Riba ni haramu, kwa hiyo watu wa zama zile walipotaka kukopa kwa shamba waliandika kama wameuza, na papo hapo wakajiwekea haki ya kurudisha fedha na kulitwaa shamba lao. Waliiita bei ya khiari, na "bei" hapo ni mauzo. Katika maandishi shamba limeuzwa. Katika maisha ya kila siku muuzaji bado yumo, anachuma, anaanika, na kila msimu anapeleka chochote kwa aliyemkopesha. Mahakimu, makadhi na Wahindi wenyewe wote walijua kuwa ile ni rehani iliyovishwa kanzu ya mauzo. Wazee wako wameona neno "bei" na neno "shamba" (limeandikwa hivyo hivyo kwa Kiswahili katikati ya Kiarabu, litazame mstari wa nne) wakadhani ni ununuzi. Si makosa yao. Wengi husoma hivyo.

Kisha mwaka. Ukitaka kugeuza mwaka wa Hijria uwe wa Miladi, zidisha kwa 0.97 halafu ongeza 622. Ukikosea, ni kwa mwaka mmoja tu, si zaidi. Mwaka 1295 ulianza mwanzoni mwa Januari 1878. Mwaka huo kwa Pemba una mengi ya kusema.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikaing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa. Karafuu zikaadimika, bei ikapanda mara kadhaa, na kila mwenye nguvu ya kufyeka akageukia Pemba kupanda. Lakini mkarafuu hauna haraka. Kutoka mche hadi kuchuma ni miaka sita, saba, hata minane. Aliyepanda mara tu baada ya kimbunga alikuwa bado anangoja, au ndiyo kwanza anaonja, ilipofika 1878. Na katikati ya kungoja huko, tarehe 5 Juni 1873, Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, alitia saini mkataba na Waingereza wa kufunga soko la watumwa na kukataza kuwasafirisha baharini. Biashara haikufa siku ile, ila ikawa ya magendo, na watu wa kulima wakawa ghali. Mwenye shamba akawa ana miche isiyozaa, gharama iliyopanda, na njia moja tu ya kupata fedha taslimu: mfanyabiashara wa mjini. Miti yote ile ilipokuja kuzaa kwa pamoja, karafuu zikajaa sokoni na bei ikaanguka. Hivyo ndivyo madeni ya Pemba yalivyozaliwa. Sisemi kwamba miti yote ya mzee wako ilipandwa baada ya kimbunga. Nasema hesabu ya miaka inakaa vizuri na karatasi yake.

Kwa hiyo hilo la "Banyani akamdhulumu" lipe nafasi ya kuchunguzwa kabla hujalirithisha wanao. Wakopeshaji walikuwamo wagumu, na faida iliyofichwa ndani ya bei ilikuwa kubwa. Lakini wengi wao hawakulitaka shamba lenyewe. Wahindi walihesabiwa kuwa raia wa Mwingereza, na tangu 1860, balozi wa Mwingereza, Rigby, alipowaacha huru watumwa zaidi ya 5,000 waliokuwa mikononi mwao, hawakuruhusiwa kumiliki watumwa. Shamba bila watu wa kulichuma lingewasaidia nini? Walichotaka ni karafuu. Deni likaandikwa upya, likaongezwa, likarithiwa na watoto. Shamba kukaa chini ya deni kwa miaka hamsini na bado kuitwa la ukoo lilikuwa jambo la kawaida kabisa, mpaka serikali ilipolazimika kuingilia mwaka 1934 kwa kusimamisha madeni na kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika kuhamishwa ovyo.

Sasa nenda kwenye mistari ya chini, kwenye mipaka. Hapa ndipo nilipofurahi, na hapa ndipo watu wengi huruka.

Hati za shamba za wakati ule hazina ramani wala eka. Shamba linahesabiwa kwa miti, na linazungushiwa majina pande nne: kibla, suheli, matlai na machweo. Kibla kwetu ni kaskazini kwa kuwa Makka iko huko. Suheli ni kusini, kwa jina la nyota ya mabaharia. Matlai ni mashariki, jua linakochomoza. Katika karatasi yako upande wa kibla ni bonde la mpunga. Upande wa machweo ni njia. Upande wa matlai ni shamba la mtu aliyetajwa kwa jina lake na la baba yake tu, bila nisba, yaani jina la kabila au ukoo. Na upande wa suheli ni shamba la mwanamke. Soma jina lake polepole: bint wa nani, bin nani. Baba yake na babu yake ni wale wale wa mzee wako.

Huyo ni dada yake, mwanangu. Hayumo katika shajara yenu ya vizazi vinane, lakini kadhi alimwandika.

Na akiwa dada yake ana shamba linalopakana naye ubavu kwa ubavu, maelezo mepesi kuliko yote ni kwamba walirithi. Baba yao ndiye aliyekuwa na ardhi Pemba, akafa, pakagawanywa: mtoto wa kiume sehemu mbili, wa kike moja, mjane thumni yake, yaani moja ya nane. Ukibahatika siku moja kuipata hati ya bibi huyu na ukakuta miti yake ni karibu nusu ya miti ya kaka, utakuwa umeshika mirathi ile kwa mkono. Maana yake pia ni kwamba simulizi la mtu aliyekuja hana kitu si la mzee huyu. Huenda ni la baba yake, huenda la babu yake. Simulizi za ukoo zina tabia ya kuvuta mambo ya watu watatu na kumvisha mmoja, yule ambaye jina lake lilibaki kwenye karatasi.

Hapo hapo unaanza kuwaona hao wa familia mbili nyingine kwa jicho jingine. Wajukuu wa dada hawabebi nisba yenu, wanabeba ya mume wake. Kizazi cha tatu tayari ni "watu wengine", na wao wanasema kweli kabisa kwamba shamba lilikuwa la kwao. Na yule jirani wa matlai asiye na nisba, mimi namdhania kuwa Mpemba mwenyeji. Pemba haikuwa pori tupu lililomngoja mgeni. Wapemba walikuwa na ardhi, na wazee wa kule wanasimulia makubaliano ya nusu kwa nusu: mwenyeji anatoa ardhi, mwenye watu wa kufyeka na kupanda anafyeka, miti ikikua inagawanywa. Ongeza na jambo ambalo huwatatiza vijana waliozoea hatimiliki za leo: kwetu mti na ardhi si lazima viwe vya mtu mmoja. Mtu aliweza kumiliki mikarafuu ishirini ndani ya ardhi ya mwenzake, akaiuza, akairithisha, akaiweka wakfu. Kwa hiyo koo tatu zikilidai shamba moja, usikimbilie kutafuta nani mwongo. Yawezekana zote tatu zinakumbuka sawasawa.

Nije kwenye jambo ambalo najua nyumbani kwenu halizungumzwi, na mimi sitaki kulipita kimya.

Shajara yenu ina wanaume wanane. Wanaume wanane walizaliwa na wanawake wanane. Wako wapi? Baadhi walikuwa mabinti wa koo za Kiarabu, baadhi Wapemba walioolewa kwa mahari na mashahidi, na baadhi, kama ilivyokuwa katika karibu kila nyumba ya mwenye shamba, walikuwa masuria, yaani watumwa wa kike waliozaa na mabwana zao, waliotolewa bara: Wanyasa, Wayao, Wazaramo, Wamanyema. Kwa sheria mtoto wa suria ni huru, ni wa baba yake, anarithi sawa na wa mke. Na mama mwenyewe kwa kawaida hakuuzwa tena. Ndiyo maana shajara inaweza kuendelea bila mshono hata mama akiwa ametoka Ziwa Nyasa. Mshono upo, umefunikwa. Alama zake ni jina la mama lisilo na baba, au lenye baba wa kuazimwa, kama "bint Abdallah", au majina ya kupewa kama Zafarani na Bahati.

Wenye mashamba wakubwa wenyewe hawakuona haya kuyataja. Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara maarufu wa pembe na watumwa, aliyeishia kuwa na mashamba kadhaa Unguja kabla ya kufa mwaka 1905, alipoyaandika maisha yake kwa Kiswahili alimtaja mama yake kwa jina la ukoo wake, na akaeleza kwamba baba yake alikuwa na mke mwingine Unyanyembe, upande wa Tabora, Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Ukoo mmoja, mguu mmoja Unguja, mwingine Tabora. Ukimtafuta mzee wako kwa kuitazama Omani peke yake utakuwa unamtafuta kwa jicho moja.

Kisha wako waliolifanya shamba liwe shamba. Mikarafuu 450 haikupandwa na mtu mmoja, hata simulizi liseme nini. Chini ya mwenye shamba alikuwapo msimamizi, chini yake nokoa, chini yake kadamu, wawili hawa mara nyingi wenyewe wakiwa watumwa. Walifanya kazi ya bwana siku tano, na Alkhamisi na Ijumaa wakalima mihogo yao kwenye vikonde walivyopewa. Karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka, huchambuliwa kutoka kwenye makonyo yake usiku, asubuhi huanikwa. Mvua ikija huanuliwa mbio. Nani alikuwa juu ya matawi? Watu hao wana majina, na baadhi ya majina hayo yanapatikana.

Yanapatikana hivi. Tarehe 6 Aprili 1897 ilitoka amri ya kuondoa hali ya utumwa kisheria Unguja na Pemba. Haikumwacha huru mtu kwa siku moja. Kila mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kudai uhuru wake, na bwana aliyethibitisha kwamba alikuwa wake kwa halali alilipwa fidia. Masuria waliachwa nje ya amri ile mpaka 1909. Ni jambo la kuumiza kwamba aliyelipwa ni bwana. Lakini kwa sababu fedha ilitoka, karani aliandika: jina la aliyeachwa huru, jina la aliyekuwa bwana wake. Mzee wako kama alikuwa hai 1897, au watoto wake, tafuta jina lake upande wa mabwana, kisha nakili kila jina lililo mbele yake. Yaandike yote, hata kama hujui utayafanyia nini. Wengi wa watu hao walibaki palepale shambani wakiwa huru, wakapalilia na kuchuma kwa makubaliano mapya, na baadhi walichukua nisba ya mabwana zao. Kwa hiyo ukikutana Wete na mtu mwenye nisba yenu ambaye hayumo katika shajara, usimwambie kwamba si wa kwenu. Kaa chini umsikilize.

Usitegemee mno karatasi za sensa katika hili. Watu walibadilisha walivyojiita kadiri faida na heshima zilivyohama. Kati ya sensa ya 1924 na ile ya 1931 waliojiandika Waswahili walipungua kwa maelfu mengi, na hawakuwa wamekufa wala kuhama. Walikuwa wamejiita jina jingine.

Sasa pa kwenda. Kwa kuwa uko Muscat, anzia mlangoni pako: Mamlaka ya Taifa ya Nyaraka hapo mjini hupokea na kuhifadhi hati za familia, na watu wake wanasoma mwandiko wa aina hii kila siku. Waombe wakutengenezee nakala nzuri. Baadaye safari ya Unguja, Nyaraka za Taifa zilizoko Kilimani. Usiingie ukauliza jina la babu peke yake. Majina yetu yanarudiwarudiwa, utapata watu kumi. Ingia na vitu vinne mkononi: jina lake hadi babu wa tatu, jina la Mhindi aliyemkopesha, jina la dada, na jina la shamba ukilipata. Hati za mikopo ya Wahindi ziliandikishwa kwenye ubalozi wa Mwingereza, kwa hiyo mkopeshaji mara nyingi hupatikana upesi kuliko mkopaji, na kupitia kwake utaona kama deni lililipwa, liliongezwa au lilihamishiwa mtu mwingine. Kesi za mirathi mbele ya makadhi ndizo zenye wanawake, maana mjane na binti huwezi kuwagawia sehemu bila kuwataja. Angalia makadhi wa Kiibadhi, madhehebu ya Waomani wengi, na wa Kisunni pia, kwa sababu ndoa zilivuka madhehebu. Kisha Kamisheni ya Wakfu: tangu 1905 wakfu zimekuwa zikisimamiwa na serikali, na mtu aliyeweka mikarafuu kumi kwa ajili ya mafuta ya taa ya msikiti wa kijijini anaweza kuwa ameacha humo taarifa nyingi kuliko katika nyumba yake yote.

Kabla ya safari, kaa na wanawake wazee wa ukoo. Wanaume watakusomea shajara. Wanawake watakwambia nani alinyonya ziwa moja na nani, nani alimlea nani, bibi gani alikuwa akiimba nyimbo zenye maneno yasiyoeleweka na watu wa pwani. Uliza pia kuhusu makaburi shambani. Mengi ya Kiibadhi hayana maandishi, ila mtu hukumbuka lipi ni la nani kwa mti lililo chini yake.

Na Pemba nenda, nenda kwa miguu yako, ila nenda kama mgeni. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi ilifanywa mali ya serikali, mashamba makubwa yakatwaliwa, na kuanzia 1965 yakagawiwa wananchi eka tatu tatu. Jibu la shamba lenu kupotea huenda liko hapo kuliko kwa Banyani yeyote. Najua nyumba yenu ina machungu ya mwaka ule, na sikwambii uyasahau. Nakwambia tu kwamba mama utakayemkuta anaanika karafuu mbele ya mlango amekaa pale miaka sitini, na huenda bibi yake aliichuma miti hiyo hiyo kabla ya hapo bila ujira. Akikuona umeshika karatasi ya Kiarabu ataogopa kwamba umekuja kudai. Iache hotelini. Mpelekee haluwa, msalimie, mwambie wewe ni kilembwe cha fulani na unatafuta watu wake. Pengine jina la zamani la shamba, ambalo halimo katika hati yako kwa kuwa kona ile imeliwa na mchwa, analijua yeye.

Ombi langu la mwisho ni kuhusu karatasi yenyewe. Usiifunge kwenye plastiki ya moto, usiipige gundi wala seloteipu, usiikunje tena pale ilipokunjwa. Iweke ndani ya bahasha safi ya karatasi, mbali na jua. Na kabla hujaiweka, igeuze. Picha uliyonitumia ni ya mbele tu, lakini kwenye ukingo wa kushoto wino umepenya kutoka upande wa pili. Nyuma ya hati kama hizi ndipo walipoandika malipo, msimu baada ya msimu, na ndipo karani alipogonga muhuri wa kuandikishwa. Ipige picha nyuma yake kwenye mwanga wa asubuhi, bila taa, unitumie. Nikiona frasila ngapi za karafuu (frasila ni kipimo cha uzito) zililipwa na mwaka gani malipo yalikoma, tutajua tuufungue mwaka upi kwanza huko Kilimani.